Krismasi ya Nyumba Yenye Paka

Ikifika wiki ya kwanza ya Desemba, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo hubadilika rangi. Meza zilizokuwa na soksi na mikanda hujaa mapambo: miti ya plastiki iliyokunjwa ndani ya maboksi, mipira myekundu na ya dhahabu, taa za kumetameta, kofia za Baba Krismasi, na yale makamba ya plastiki yanayong'aa ambayo wachuuzi huyaning'iniza juu ya vichwa vya wapita njia. Mnunuzi huulizia bei, huulizia urefu wa waya, huulizia kama taa zinabadilisha rangi. Lipo swali ambalo sijalisikia likiulizwa kwenye meza hizo, na kwangu lilipaswa kutangulia yote: nyumbani yupo paka?

Maana nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi zina paka. Kuna aliyemchukua kwa sababu ya panya, kuna aliyemchukua kwa mapenzi tu, na wengi walianza na sababu ya kwanza wakajikuta wamefika kwenye ya pili. Paka huyo analala kwenye kiti cha baba, anasubiri vichwa vya dagaa jikoni, anawajua watoto kwa hatua zao. Halafu siku moja sebule inageuzwa: mti unaingia, nyaya zinatambaa ukutani, nyuzi zinaning'inia, harufu ngeni zinajaa. Siku chache baadaye mti uko chini, mipira imeviringika hadi uvunguni mwa makochi, na paka anafukuzwa kwa ufagio.

Sikubaliani na ufagio huo. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na walikuwa na haki. Paka hakuamka asubuhi akapanga kuharibu sikukuu ya watu. Sisi ndio tulioingiza sebuleni kila kitu kinachoamsha silika yake, tukakiweka mahali anapokifikia, kisha tukashangaa. Na kuanguka kwa mti, ambako ndiko kunakosimuliwa sana, ni jambo dogo kuliko yote. Mti husimamishwa tena. Yapo mapambo yanayomuua paka kimyakimya, na wenye nyumba wakabaki hawajui hata kilichomuua.

Tuanze na paka mwenyewe. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye hadi leo anawinda kwenye nyasi za Serengeti na pembezoni mwa mashamba yetu. Huko Cyprus wataalamu wa mambo ya kale walifukua kaburi la takriban miaka 9,500 iliyopita ambamo mtu na paka walizikwa jirani. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo ni lazima kuna aliyempakia chomboni akavuka naye bahari. Urafiki wetu ni wa kale, lakini mwili wa paka umebaki wa mwindaji. Jicho lake huridhika na mwanga mdogo sana, kama moja ya sita ya ule tunaouhitaji sisi. Rangi nyekundu haioni vizuri. Mpira mwekundu hauvutii kwa wekundu wake, unavutia kwa sababu unabembea. Chochote kidogo kinachotikisika, kinachometa kisha kikatulia, kwake ni dalili ya kiumbe hai. Tena saa zake za kuchangamka ni alfajiri na magharibi. Jua linapozama, nasi tunapowasha taa za mti ili familia ikae pamoja, ndipo damu ya uwindaji inapompanda.

Ongeza na ukweli kwamba paka hupenda kukaa juu. Mahali pa juu anaona adui, anaona windo, na hakuna mtoto wa kumvuta mkia. Mti uliosimama katikati ya sebule, wenye matawi na harufu ya msituni, kwake ni mwaliko.

Miti yetu yenyewe ni ya aina mbalimbali. Pwani wengi hukata tawi la mvinje, lile lenye majani membamba kama sindano. Nyanda za juu, kuanzia Arusha na Kilimanjaro hadi Limuru, ni saiprasi au msindano. Mijini plastiki imetawala. Ukiondoa ile ya plastiki inayokuja na miguu yake, mti wa kwetu husimamishwa ndani ya ndoo iliyojazwa mchanga na mawe, na hapo ndipo tatizo la kwanza linapoanzia, tatizo ambalo makala za ughaibuni kuhusu paka na Krismasi hazilitaji kwa sababu kule mti hukaa kwenye kishikizo chenye maji. Paka akiona mchanga mkavu ndani ya nyumba, anaelewa kwamba amewekewa choo. Hafanyi ukaidi, anafanya usafi, kama silika yake inavyomtuma, achimbe, ajisaidie, afukie. Dawa ni nyepesi: tandaza juu ya mchanga mawe makubwa yaliyobanana, au kata ubao wenye tundu katikati la kupitishia shina, kisha funika kwa kitenge. Na mchanga wake wa kawaida uwe safi kuliko siku zote.

Kuhusu kuanguka, nyumba zetu zina kitu ambacho wengine hawana: nondo za dirisha. Sogeza mti dirishani, funga shina kwa kamba imara sehemu mbili, chini ya katikati na karibu na kilele, kaza kwenye nondo. Paka mzima ana kilo tatu hadi tano; akiruka kwa kasi kutoka kwenye mkono wa kochi, ndoo ya mchanga peke yake haitoshi. Kwa sababu hiyohiyo mti usikae karibu na kochi, kabati wala meza ya televisheni. Paka hapandi tu kutokea chini, hurukia pia kutoka pembeni.

Kisha mti uachwe mtupu. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi huleta mti na kuupamba usiku huohuo, watoto wakiwa wamezunguka na muziki unapiga. Uache siku mbili tatu bila taa wala mpira. Paka ataunusa kuanzia ndooni hadi anapofikia, atasugua mashavu yake kwenye matawi ya chini ili kuacha harufu yake, pengine atajaribu kupanda, ataona hakuna cha ajabu. Mgeni akishazoeleka hapigiwi kelele. Wengine huweka maganda ya machungwa kuzunguka ndoo, kwa kuwa paka wengi hawapendi harufu ile. Kwa baadhi yao inasaidia, kwa wengine haifui dafu.

Ukimnyima mti, mpe kitu kingine. Kucha za paka ni lazima zikwaruze: hapo hujinyoosha, huvua ganda kuukuu la ukucha, na huacha harufu kutoka kwenye vitezi vilivyo kwenye nyayo zake. Ulimwenguni kote nguzo za kukwaruzia paka huzungushiwa kamba ya katani, na katani ni mali yetu. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika shehena aliyoiagiza kutoka Florida, miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutokana nayo yakaenea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Chukua gogo la urefu wa kiuno, lipigilie kwenye ubao mpana, lizungushie kamba ya katani toka chini hadi juu bila kuacha nafasi, uweke mita chache kutoka kwenye mti. Gharama yake ni ndogo kuliko boksi moja la mipira ya kutundika. Na boksi lenyewe usilitupe: paka anayepewa boksi tupu lenye tundu la kuchungulia mara nyingi huusahau mti jioni nzima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Ni nyuzi.

Yale makamba ya plastiki yanayong'aa, na zile nyuzi nyembamba za fedha zinazomwagwa juu ya matawi, zina historia ndefu. Huko Ujerumani zilianza kama vipande vya fedha halisi vilivyofuliwa vyembamba ili kuakisi mwanga wa mishumaa. Baadaye ikatumika risasi, madini yenye sumu, hadi mamlaka za Marekani zilipozikemea mwaka 1972 kwa ajili ya watoto. Leo ni plastiki. Sumu imepungua, lakini plastiki ni nyepesi: feni ikizunguka inapepea, mtu akipita inatetemeka, na kila inapotetemeka inampigia paka ishara ya windo.

Paka akiutia uzi mdomoni hawezi kuutema kirahisi. Ulimi wake umejaa vijimiba vigumu vilivyoelekea kooni, vile vinavyokwaruza anapokulamba mkono. Vimewekwa hivyo ili kukwangua nyama kwenye mfupa na kuchana manyoya, na kazi yao ni kuvuta kwenda ndani. Uzi ukishashikwa hapo, unakwenda. Mara nyingine ncha moja hunasa chini ya ulimi, au fundo hubaki kwenye mlango wa kutokea tumboni, huku ncha nyingine ikiendelea na safari. Utumbo unafanya kazi yake ya kusukuma, uzi hausogei, basi utumbo wenyewe ndio unaopanda juu ya uzi na kujikunja, kama kiuno cha sketi kinavyojikunyata kwenye lastiki. Uzi uliokazwa hivyo huanza kukata ukuta wa utumbo kutokea ndani. Ukitoboka, uchafu unamwagika ndani ya tumbo, na maambukizi yanayofuata huua upesi. Tiba mara nyingi ni upasuaji, tena wa kuwahi, na si mwepesi, kwa kuwa daktari hulazimika kufungua utumbo sehemu kadhaa ili autoe uzi bila kuuvuta.

Dalili zake zinafichika kwa sababu paka ni hodari wa kuficha maumivu. Anatapika, anarudia kutapika. Anakataa chakula, hata samaki. Anajificha uvunguni, anadondokwa na mate, anajipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, hapati choo. Katika pilikapilika za sikukuu mtu husema ameshiba mabaki. Siku mbili zinapita. Paka anayetapika mara kwa mara na hali kitu wakati nyumba imepambwa nyuzi anastahili kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, bila kusubiri wageni waondoke.

Na ukiuona uzi unaning'inia mdomoni au umetokeza nyuma, usiuvute. Mkono utataka kuvuta, na watu wenye huruma ndio wanaovuta kwa bidii zaidi, lakini huko ndani uzi huo unaweza kuwa umeshikilia utumbo mzima, na kuuvuta ni kuukata. Usimnyweshe mafuta ili uteleze. Mfunike taulo, mweke kwenye boksi au kikapu chenye kifuniko, nenda naye kwa daktari.

Nyuzi za hatari si zile zinazong'aa peke yake. Kuna riboni za zawadi, zile za plastiki zinazojiviringisha ukizipitisha kwenye makali ya mkasi. Kuna uzi wa kushonea uliotumika kutundika kadi ukuta hadi ukuta, pambo la nyumba nyingi tangu enzi za kadi za posta. Kuna mapulizo: kwetu Krismasi bila mapulizo kwenye kona za dari huonekana haijakamilika, nayo hufungwa kwa uzi, na yakipasuka vipande vya mpira hutawanyika chini ambako paka huvitafuna. Kuna pamba tunayoitandaza juu ya matawi ili ifanane na theluji ambayo wengi wetu hatujaiona. Paka akimeza bonge lake inaweza kumziba.

Ushauri wangu ni mkali: nyumba yenye paka isinunue nyuzi zinazometameta hata kidogo. Si kuzitundika juu zaidi, kwa sababu hudondoka. Si kuzipunguza, kwa sababu mmoja unatosha. Na sidhani kama kuna tunachopoteza. Mafundi wetu wa cherehani wana mabaki ya vitenge yanayotosha kushona nyota na samaki waliojazwa pamba, na kifundo kifupi cha kitambaa kikazungushwa kwenye tawi. Koni za msindano ni bure kwa anayeishi Lushoto au Mufindi. Vifuu vya nazi vilivyosuguliwa na kutobolewa vinapendeza kwenye mwanga wa taa kuliko kitu chochote nilichokiona dukani. Karatasi za rangi zilizokatwa na watoto na kuunganishwa pete kwa pete, mnyororo ule tuliotengeneza shule ya msingi, zinakubalika pia, maana paka akiuchana mnyororo wa karatasi hasara ni ya karatasi. Mipira ya kioo ikae nusu ya juu ya mti au isiwepo, kwani ikivunjika vigae vyake huingia kwenye nyayo za paka na za watoto sawia.

Upande wa taa nitakuwa mfupi. Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wake New York kwa balbu 80 mwaka 1882, na tangu siku hizo umeme umezuia mioto mingi ya mishumaa. Lakini waya mwembamba wa taa za bei nafuu, ukichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230, ukakutana na meno ya paka mdogo anayetafuna kila kitu, humuunguza ulimi na kaakaa, na saa kadhaa baadaye mapafu yake yanaweza kujaa maji hata kama mwanzoni alionekana mzima. Paka akikutwa amekaukia na waya mdomoni, usimguse kabla ya kuzima swichi. Pitisha nyaya nyuma ya fanicha au ndani ya bomba la plastiki, chomoa kila mnapokwenda kulala. Zile za betri nazo zina vibetri bapa mithili ya vifungo vya shati. Vikimezwa huunguza koo, kwa hiyo kifuniko chake kifungwe kwa skrubu au gundi ya karatasi.

Maua yanahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hofu ya watu imeelekezwa pasipo penyewe. Ua jekundu la Krismasi, kichaka kile chenye asili ya Mexico ambacho Arusha na Nairobi hupandwa kwenye nyua, limesingiziwa sana. Utomvu wake mweupe huwasha mdomo na tumbo. Paka anaweza kutokwa mate na kutapika, kisha akapona. Linaloua ni lili, ua kubwa lenye petali sita zilizochanuka kama tarumbeta, lenye harufu nzito na chavua ya rangi ya machungwa inayochafua nguo. Desemba ni msimu wa harusi na vipaimara, na mashada ya ukumbini au ya altareni hupelekwa nyumbani yakawekwa mezani. Kila sehemu ya lili ni sumu kwa paka: petali, jani, bua, maji ya chombo, hata chavua iliyomdondokea mgongoni akajilamba. Ndani ya siku moja hadi tatu figo zinakufa. Mbwa hadhuriki hivyo, mtu hadhuriki hivyo, ni paka. Ukiletewa shada, lichambue mlangoni. Waridi libaki, lili litoke nje ya nyumba, lisiwekwe hata chumba cha juu. Akiwa amelila au amelilamba, kinachomwokoa ni kupelekwa kwa daktari kabla dalili hazijaonekana.

Jikoni nako kuna jambo ambalo kwa nchi zetu nadhani ni kubwa kuliko chokoleti inayotajwa kila mahali. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba paka hawaonji utamu, kwa kuwa jeni inayotengeneza kipokezi cha sukari kwao imeharibika. Ndiyo maana keki humvutia kwa siagi yake tu. Kinachomvutia ni nyama na mafuta, na nyama yetu ya sikukuu imelala ndani ya vitunguu. Pilau huanza na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, kisha kitunguu saumu. Mchuzi wa kuku hali kadhalika. Nyama ya kuchoma hulazwa ndani yake usiku kucha. Vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu za paka, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa kuwa unga. Madhara hayaonekani papo hapo. Siku kadhaa baadaye paka analegea, fizi zinakuwa nyeupe, mkojo unakuwa na rangi ya chai, na hakuna anayekumbuka sinia la pilau aliloachiwa alambe. Mwekee kando vipande vya nyama au samaki kabla ya kuunga. Wasemavyo, paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Kipande cha nyama iliyochemshwa kwa maji matupu kwake ni karamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupwe kwenye pipa lenye kifuniko, maana ikitafunwa huchongoka.

Nitaje pia Panadol. Paka akionekana mgonjwa siku ambayo maduka ya dawa za mifugo yamefungwa, kuna wanaomvunjia kidonge kwa nia njema. Ini la paka halina uwezo wa kuichakata parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Asipewe hata robo.

Huko Iceland kuna masimulizi ya paka wa Krismasi, Jólakötturinn, mnyama mkubwa kuliko nyumba anayezunguka kwenye theluji usiku wa sikukuu na kumla yeyote ambaye hakupata nguo mpya. Shairi la Jóhannes úr Kötlum lililochapishwa mwaka 1932 ndilo lililomfanya maarufu. Nilipoyasoma masimulizi hayo niliwakumbuka watoto wa kwetu, ambao mwaka mzima huhesabu siku za kuvaa gauni jipya na viatu vya Krismasi, na wazazi wanaohangaika kuanzia Oktoba ili asikose hata mmoja. Watu wa barafuni na watu wa joto wamekutana kwenye nguo mpya. Na nguo mpya zikishavaliwa, paka wa kweli wa nyumbani hukutana na karatasi za kufungia, pini za mashati zilizochomolewa na vile vikamba vya plastiki vya lebo za bei. Vikusanywe vyote siku hiyohiyo.

Wageni wakija, paka apewe chumba. Binadamu husikia sauti hadi hezi 20,000 hivi. Paka huvuka 60,000. Spika ya sebuleni, vuvuzela la mtoto na fataki za mkesha wa Mwaka Mpya kwake ni maumivu. Chumba kimoja kilichofungwa, chenye maji, chakula, mchanga na boksi lenye nguo iliyovaliwa na mtu anayempenda, kinamtosha. Mlangoni bandikeni karatasi, kwa kuwa siku ya wageni mlango wa nje hukaa wazi na paka aliyeshtuka hukimbia mbali kuliko anavyoweza kurudi.

Linabaki suala la safari, na hapa nazungumza hasa na Wachaga wenzangu, ingawa Wapare, Wahaya na ndugu zetu wa Kenya wanaoelekea magharibi wanaweza kusikiliza. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa, nyumba zinafungwa wiki mbili, dada wa kazi naye anakwenda kwao. Paka anamwagiwa dagaa kwenye sinia, anafunguliwa dirisha la stoo, inasemwa atajitafutia. Paka aliyezoea bakuli hajitafutii kirahisi hivyo. Paka akikaa siku chache bila kula, hasa aliyenenepa, mafuta humiminika kwenye ini likashindwa kufanya kazi, na hapo hata chakula kikirudi huenda hakitaki tena. Kumbeba safari ya zaidi ya kilomita 500 ndani ya basi si suluhisho bora, kwa kuwa paka hushikamana na mahali, na akifikishwa mgombani asikokujua anaweza kutoroka usiku wa kwanza.

Suluhisho ni jirani. Uzuri wa miji yetu ya pwani ni kwamba ukuta wa pili mara nyingi wanaishi watu ambao Krismasi haiwasafirishi. Katika mafundisho ya Kiislamu paka si najisi. Maji aliyoyanywa hayabatiliki kwa udhu, na kumtendea wema mnyama ni jambo lenye thawabu. Nimewaona mama wa Kiislamu wa Temeke na Magomeni wakiwalisha paka wa majirani waliokwenda Kilimanjaro kwa uaminifu ambao ndugu wa damu hawaufikii. Ikifika Idi, wewe ndiye unayeshika funguo zao. Mwachie jirani chakula kilichopimwa, si fedha tu. Mweleze paka anajificha wapi. Mwombe amwone kwa macho kila siku, asiishie kujaza bakuli. Na mti, kama unaondoka, uzime taa, uondoe kila kinachoning'inia chini ya kimo cha kiuno, maana paka mpweke hutafuta cha kuchezea.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumfungia mnyama ndani bila maji wala chakula ni ukatili hata kama aliyefunga mlango alikuwa anawahi misa ya mkesha.

Kabla ya tarehe 24, mtafute daktari wa mifugo aliye karibu nawe. Muulize kama atapatikana siku ya sikukuu, na kama anafanya upasuaji wa paka, kwa sababu si kila kliniki ya mifugo inaufanya. Akisema hafanyi, muulize nani anafanya. Namba zote mbili ziandike kwenye karatasi, ibandike kwenye mlango wa jokofu, na nakala mpe jirani pamoja na ufunguo.